Kengele Tatu

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, baa ya Mashaka pale Bariadi ilikuwa bado na mashine ya kamari. Machibya, mkulima wa Dutwa, hakuifuata kwa tamaa. Kila msimu karani wa mizani humsomea kilo pungufu za pamba, kisha humpaka wino dole gumba atie sahihi. Akajiambia chuma hakina ndugu wala mfuko. Chenyewe angalau kitamlipa kilichoandikwa.

Mashaka alimsomea kibao cha mashine: picha tatu za kengele, shilingi ishirini. Machibya akatumbukiza shilingi yake, akavuta mpini. Kengele tatu zikasimama mstari mmoja. Zikaanguka shilingi kumi na tatu, kisha kimya.

"Bado saba," alisema.

"Mzee, imehesabu mashine, siyo mimi," Mashaka akajibu huku akifuta glasi. "Chukua hizo."

Machibya hakugombana. Hasira zake zilikwisha zamani, kule kule kwenye mizani. Akazikusanya zile kumi na tatu, akasogea kaunta, akamnyooshea Mashaka dole gumba, akangoja apakwe wino.