Mate ya Emilienne

Kroshe naichukia, nasema wazi. Ndoano moja, uzi mmoja, kitundu, kitundu, kitundu, hadi macho yanafumba yenyewe. Na vitambaa vyenyewe vya nini? Vya kutandika kwenye viti vya Wazungu wa Kasongo, pale wanapoegemeza vichwa vyao vya pomadi. Vikirudi kufuliwa ni vya manjano, vinateleza, vinanuka. Aka! Nilivishika kwa vidole viwili.

Nilichotaka ni dantela, ile lesi ya vijiti. Jozi ishirini juu ya mto, unavusha huku, unavusha kule, kama mama alivyosuka mikeka. Dantela ile ilipamba altare, si viti. Nilimsumbua Masere Godelieve, mtawa aliyetufundisha, hadi akachoka.

“Apolline, unifanyie utepe moja, mweupe kabisa, mpaka Jumamosi. Ukichafua, unarudia kroshe.”

Jumamosi ikafika. Utepe ulikuwa umebakiza upana wa kidole kwisha, pini ikanichoma, tone la damu likaangukia nyuzi.

Dawa yake tuliijua wote: damu yako, mate yako. Unatafuna kipande cha uzi, unapangusa kabla haijakauka. Mate, kwenye kitambaa cha altare?

“Siwezi,” nikasema. “Nitatapika.”

“Wewe nawe, una maringo!” Emilienne, fundi wetu bora, aliyekaa kando yangu, akaniinamia, na kabla sijamzuia, ptu! Akapangusa kwa kidole.

Mate yalikuwa ya kahawia. Mwanamke huyu alikuwa na kola mdomoni, ile kokwa chungu ya kutafuna! Masere alikwisha kumwonya mara mbili. Ya tatu ni kufukuzwa, na kazi ile ndiyo iliyolisha watoto wake wawili. Doa lilitambaa kwenye utepe wangu kama kuhara. Nilitamani kumpiga kofi.

Masere akafika, akaliona, akakunja pua.

“Nani iko anakula kola humu? Mufungue vinywa, wote!”

Akaanzia mwisho wa benchi. Emilienne akautema ule mtafuno kiganjani, lakini meno yake yalikuwa ya kahawia hadi kwenye ufizi. Alinitazama tu, na Masere alikuwa amebakiza wasichana wawili kutufikia.

Nikamnyang'anya ule mtafuno, nikautia mdomoni. Ulikuwa na joto bado, umelowa, umejaa nyuzinyuzi. Nikautafuna haraka, machozi yakinitoka.

“Ni mimi, Masere,” nikasema, nikafungua mdomo.

Alinipokonya mto pamoja na vijiti vyake vyote.