Siku ya Thelathini ya Mama Riziki

"Mama Riziki!"

"Niko!"

"Simama basi."

"Citoyen Kikuni, miguu yangu ilikufa mwaka jana. Wewe mwenyewe ulinipokea hapa nikiwa mugongoni mwa muntu."

Kikuni, mkuu wa nyumba ya wazee, aliyeitwa citoyen, yaani raia, kama ilivyoamriwa siku zile, aliandika daftarini: hayuko. Kwa kanuni yake, asiyesimama bendera ikipandishwa hayuko, na asiyekuwako siku thelathini mfululizo humpisha mwingine kitanda. Hii ilikuwa ya ishirini na tisa. Riziki, aliyeuza samaki wa chumvi pale stesheni ya treni hadi ugonjwa ulipomlaza, hakuwa na pa kurudi. Kibanda chake kilibomolewa na mvua.

"Mchele umepanda bei tena, mama, na wengine wanangoja mlangoni. Kanuni njo hiyo."

"Basi andika vizuri: hayuko, na amekujibu."

Wazee walicheka. Masudi, asiyeona, alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Zawadi, mpishi wao, alikuwa amemwandikia Riziki barua ya malalamiko kwa ofisi ya zoni, serikali ya eneo lao, kwamba nyumba hii inamfukuza mzee kwa kuwa ni kilema. Mchana alirudi kutoka huko ameloa jasho, akawasomea jibu: malalamiko yatapokelewa mlalamikaji akileta hati ya kuthibitisha kwamba yuko katika nyumba hiyo, iliyosainiwa na mkuu wake.

"Kumbe!" alisema Masudi. "Kikuni aandike kwanza kwamba uko, njo wamuulize kwa nini anaandika hauko."

Riziki alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Zawadi akamshika mkono.

"Zawadi, mwanangu," Masudi aliuliza, "zoni inatupa mchele kwa hesabu gani?"

"Ya walioko, baba. Kila Jumamosi mukubwa anawapelekea daftari."

"Na kesho?"

"Njo Jumamosi."

Masudi alitabasamu, akatuma mtu amwitie wenzake wote.

Asubuhi bendera ilipanda. Kikuni akafungua daftari.

"Masudi!"

"Niko."

Sauti ilitoka chini. Masudi alikuwa amekaa mchangani, fimbo magotini.

"Simama!"

"Miguu imekataa leo, citoyen."

Sharifa, jirani yake, alikunja kitenge akaketi, akilalamikia goti ambalo jana lilicheza ngoma. Hamadi akafuata. Wakaketi wote ishirini na watatu, wakiguna, wakisukumana kama watoto wa shule, na katikati yao Riziki juu ya mkeka wake.

"Nitaandika hamuko wote!"

"Andika," alisema Riziki. "Wapelekee zoni nyumba tupu, tuone watakupa mchele wa nani."

Kikuni alitazama kalamu. Akatazama bendera, kana kwamba ingemsaidia. Akapangusa uso.

"Haya. Anayeitika, yuko," alinong'ona.

"Hatukusikia!" walipiga kelele.

"Anayeitika, yuko!"

"Anza upya, baba," Riziki alimwambia kwa upole, "na mama mwenye mkeka umuite kwanza."

Kikuni alifungua ukurasa mpya.

"Mama Riziki!"

"Niko!"

Aliitika kwa nguvu hata mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli ya ndizi nje ya ua, bila kujua kulikuwa na nini, akajibu kutoka barabarani:

"Na miye niko!"