Petali ya Nane

Kizingitini Bi Tufaha alisita. Msikitini mtu huingia kwa mguu wa kulia, chooni kwa wa kushoto. Lakini baa, hilo hakuna aliyewahi kumfundisha katika miaka yake sitini na mitano. Akalikusanya buibui lake, akaingia vivyo hivyo.

"Usihofu, Bi Tufaha, haina kitu tena," alisema Hazim, kijana msanifu majengo, mwenye asili ya Unguja kama yeye. "Imefungwa tangu Shaaban. Nataka macho yako tu."

Kwa umri wa Deira, mtaa huo wa Uarabuni, jengo lile lilikuwa kikongwe: dari ya juu, kuta nene zilizotunza ubaridi hata viyoyozi vilipozimwa, na juu ya kaunta, tao kubwa la msaji lililojaa nakshi. Mwenye hoteli yenye baa hiyo alitaka kuling'oa aweke vioo. Kazi ya fundi anayejulikana angeiacha, na jina lake angeliweka ukutani, alimwambia Hazim. Mbao zisizo na mwenyewe ni kuni, na Alhamisi lori lingezipeleka kutupwa Ras Al Khor. Ndipo Hazim alipokwenda hadi Al Twar nyumbani kwa Bi Tufaha, binti wa marehemu seremala Khelef, kwani huenda angeitambua mikono ya zamani.

Bi Tufaha akainua macho. Maua yalijipanga ukingoni mwa tao, petali nane nane. Akayafuata moja moja kama avutaye tasbihi, hadi pembeni kushoto. La mwisho lilikuwa na petali saba.

Nyumbani kwake, marufaa ya kuwekea msahafu ilikuwa na ua kama lile. Kabati la mama yake vilevile. Ua la mwisho baba hakulimaliza maishani mwake. Ukamilifu, akisema, una mwenyewe.

Lo, Baba! Mwaka mzima alitoka alfajiri na mfuko wa patasi, akisema anatengeneza madawati ya skuli, nao wanawe wakimwombea dua. Kumbe ni baa! Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Unamjua aliyeifanya kazi hii?" Hazim aliuliza.

"Simjui." Akashika njia ya mlangoni.

Naftali, mlinzi kutoka Kakamega, alimfungulia mlango. "Pole, mama. Hii mbao mimi naipenda sana, nikiwa shifti ya mchana naiangalia tu. Isipokuwa lile ua la kona. Hapo fundi alikuwa amechoka, akaharakisha aende nyumbani."

Bi Tufaha akageuka kama aliyechomwa sindano. "Achoke nani? Baba yangu hajapata kuchoka! Kuacha kule ndiko kumaliza kwake!"

Hazim alikwisha kutoa kalamu, lakini hakuandika.

"Jina likiwekwa ukutani, Bi Tufaha, litasomwa," alisema taratibu. "Hata na watu wa kwetu."

Bi Tufaha aliwafikiria wanawake wenzake wa khitma, na midomo yao. Alimkasirikia baba yake, akamwonea huruma kwa ule mwaka wa siri. Kisha akalitazama tao tena, akaona fahari ambayo hakuiomba.

"Nipe kiti, mwanangu," akamwambia Naftali.

Kilichosalia kilikuwa stuli ndefu ya kaunta. Alipanda kwa taabu, miguu ikabaki ikining'inia.

"Andika Khelef bin Amour," akasema. "Wa Malindi, Unguja. Na lile ua, asije mtu akaliongezea."