Koleo la Kujifunga

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Cheche hakuwahi kuhitaji koleo la kujifunga. Alikuwa na shemeji yake. Huyo shemeji, kaka wa marehemu mkewe, alishika vyuma, Cheche alichomelea. Mke alipofariki, watu walidhani shemeji naye atafunga virago, maana kilichowaunganisha kilikuwa kimezikwa. Hakuondoka. Alibaki miaka minne mingine, akishika vyuma na kulalamikia chai kwamba haina sukari. Kilichomshinda mwishowe ni mgongo. Mwezi uliopita binti yake alikuja kumchukua akakae naye, mbali, safari ya siku nzima.

Wiki ya kwanza Cheche aliegemeza vyuma kwa matofali na kwa magoti yake. Ya pili, mchuuzi alipita mlangoni na ndoo ya vifaa, akamuuzia koleo la kujifunga, lile lenye skrubu mkiani: unapanga upana wake kwa skrubu, unalibana, nalo linauma chuma na kukaa hapo lenyewe mpaka ulifungue. Lilikuwa linang'aa kama kijiko kipya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili lilijitembeza mpaka mlangoni kwake, naye asishtuke.

Siku aliyokuwa akiunga geti la mama mmoja mshonaji, koleo likateleza. Cheche alikuwa ameshusha barakoa ya kuchomelea, kwa hiyo hakuona; alisikia tu kitu kikidondoka. Alipoinua barakoa, nguzo ya geti ilikuwa imegandia upande, kama mtu aliyelala vibaya.

"Shika basi, wewe!" alifoka, akageuka.

Hapakuwa na wa kufokewa. Palikuwa na turubali, pipa la maji na kigoda. Alisimama hapo, barakoa ikiwa juu ya kichwa kama kofia. Kisha akachukua msumeno, akakata maungio yote, na kazi hiyo ikala mchana wake mzima.

Kesho yake alifunga karakana, akachukua kipande cha nondo na kipande cha bati, akaenda duka la vifaa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni.

"Karibu, fundi. Nikupe nini?"

"Koleo la kujifunga, mama. Lakini zuri. La kung'aa ninalo."

"La kung'aa limekufanya nini?"

"Limenipindishia geti la watu."

Akacheka, akatandika makoleo matatu juu ya kaunta.

Cheche alianza na meno. Alilifunga la kwanza na kuliinua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ulipenya upande mmoja, meno hayakukutana.

"Hilo linatabasamu," alisema mwenye duka.

"Sitaki la kutabasamu."

La pili lilifunga bila kupitisha hata uzi wa mwanga. Alizungusha skrubu kwa kidole kimoja, ikaenda laini bila kuyumba. Akatikisa mikono ya koleo, ribiti zinazoiunga hazikucheza. Akalibana kwenye nondo: ta! Mlio mfupi, mkavu.

"Sasa lazima livutwe," alisema. "Naomba ushike nondo huku."

"Mimi?"

"Nikiwa peke yangu nitavutana na nani?"

"Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mwenye duka. Akavua saa, akapanga miguu kama anayeingia mieleka, akashika ncha ya nondo kwa mikono miwili.

Cheche akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Nondo haikusogea hata unywele. Alihisi uzito wa mtu mwingine ukipita kwenye chuma mpaka viganjani mwake, na mabega yake yakalegea bila kuambiwa.

"Geuza kidogo," alisema. Mwenye duka akageuza. "Pandisha." Akapandisha. Koleo halikuachia.

"Limefaa hili," alisema Cheche.

"Lakini tujaribu na la tatu," akaongeza.

La tatu lilikuwa zito, na kifyatuo chake cha kufungulia kilikuwa kigumu, kilimfinya kidole. Alijua hapo hapo kwamba hatalinunua. Hata hivyo alilibana kwenye nondo, wakavutana. Akalibana kwenye bati, wakavutana. Kisha akarudia la pili, kwenye bati, kwenye nondo, akiuma mdomo kama mtu anayepima jambo zito.

Mwenye duka alimtazama juu ya miwani. "Fundi, hili si ulishalikubali kitambo?"

Cheche aliona aibu, kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. "Nataka kuwa na hakika, mama."

"Unafanya kazi na nani?"

"Nilikuwa na shemeji yangu."

Yule mama alishika tena ncha ya nondo. "Haya, vuta la mwisho. Kuna mtu anasubiri misumari."

Mchana ule Cheche aliunga geti. Koleo lilishika nguzo, nguzo ikakaa wima. Lilikuwa koleo la maana kweli. Hakuwa na la kulilaumu, na hilo nalo lilimkera.

Jioni alimpigia simu shemeji.

"Nimepata koleo."

"La maana?"

"Halisogei."

"Kuliko mimi?"

"Wewe ulikuwa unasogea ukisikia kikombe cha chai kinagongwa."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Nyuma yake zilisikika sahani na kelele za wajukuu. "Ulitazama meno kwenye mwanga?"

"Nilitazama."

"Skrubu haiyumbi?"

"Haiyumbi. Mgongo je?"

"Upo." Kelele nyuma yake zikazidi. "Shem, wananiita mezani."

"Nenda ule."

Mshonaji alifuata geti lake asubuhi. Alilifungua na kulifunga mara tatu, akaridhika. "Na yule mwenzako yuko wapi? Leo sijasikia mtu akilalamika."

"Amehamia kwa binti yake."

"Oo. Pole, fundi."

Msukuma mkokoteni aliyekuja na mshonaji alishika upande mmoja wa geti, Cheche upande wa pili, wakalipakia. Mshonaji na mkokoteni wake walipokata kona, Cheche alirudi ndani, akalaza fremu ya dirisha juu ya meza, akaanza kuipima.