Hapa Hapandwi Chai

Mwaka ule wa 1969 chai ilikuwa imewapanda watu wa Sironga kichwani. Mtu alikuwa radhi kung'oa hata mlango wa nyumba yake ili apate pa kuchomeka miche. Mong'ina alikuwa bado hajazikwa, na Onyancha, ndugu wa marehemu mumewe, alishaanza kuipima kwa macho migomba iliyo nyuma ya nyumba.

Persis, binti wa Mong'ina, alimwona. Chini ya migomba ile walilala ndugu zake watatu, waliokufa wachanga kabla yeye hajazaliwa. Hawakuwekewa jiwe wala msalaba. Siku zile mtoto mchanga hakutangaziwa msiba. Akina mama walimfukia kimyakimya wakarudi shambani. Shamba lenyewe binti halirithi. Alichoachiwa Persis na mama yake ni majina matatu, na kila walipopalilia alionyeshwa: huyu hapa, yule pale, jembe lisishuke sana.

"Tata," alimwambia Onyancha asubuhi ya mazishi, akimwita baba kama ilivyopasa, "pale kwa migomba kuna watoto wa mama."

"Nani anajua kuna nani huko chini? Hao hata jina hawakuwa nayo." Akampa karatasi. "Wewe ni mwalimu. Soma hii vile iko."

Ilikuwa historia ya marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa mtoto mmoja. Mtoto mmoja, mwanamke aliyezaa mara nne! Persis alikasirika. Akatafuta kalamu.

Kule kwao, kabla jeneza halijashushwa, mwenye neno juu ya marehemu hulisema hapo hapo kaburini, watu wote wakisikia. Asiyesema hapo hana tena pa kulipeleka. Onyancha aliijua desturi hiyo vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa ameitumia kuwanyamazisha wengi.

Persis alisoma Kiswahili chake cha kanisani vizuri tu, mchungaji akitikisa kichwa kukubali, mpaka akafika kwenye watoto.

"Alijaliwa watoto wanne. Nyaboke, Ondieki, Gesare, na mimi."

Kisha akageukia Kikisii ili wanawake wazee wasipitwe. Nyaboke yuko chini ya mgomba wa kwanza kutoka mlangoni. Ondieki yuko penye jiwe la kunolea panga. Gesare yuko upande wa mtoni.

Onyancha akakohoa. "Persis, soma ile imeandikwa."

"Ndiyo hii, tata. Nimeiandika mimi. Kama kuna anayesema mama anadanganya, amwambie sasa, bado yuko juu ya ardhi."

Onyancha alilitazama jeneza. Ndipo Bitutu, mkunga mzee, akajiinua kwa fimbo yake.

"Gesare nilimfukia kwa mikono hii," alisema. "Shusheni mama yao."

Wakamshusha.

Mvua zilipoanza Onyancha alipanda chai yake. Mistari ilinyooka kutoka barabarani hadi kwenye migomba, ikafika hapo ikakata kona. Persis alikuja Jumapili akaikuta hivyo. Hakumshukuru mtu. Alilichukua jembe la mama yake, akaingia migombani akapalilia, bila kulishusha sana.