Kamusi Iliyovaa Jalada la Friji

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi, mwanafunzi wa bweni niliyeko likizoni, ndiye mwasisi wa Operesheni Jalada. Operesheni yenyewe niliifanya nikiwa na soksi moja mguuni, nikitafuta ya pili.

Bwenini tuna ujuzi mmoja usiotahiniwa: kukivisha kitabu cha mapenzi jalada la Kemia, ili mwalimu wa zamu apite akitikisa kichwa kwa furaha. Nyumbani nikakuta vitabu viwili vinene vinavyolingana: kamusi ya Kilatini ya dada, na kitabu cha baba cha ufundi wa friji. Nikakivisha kila kimoja jalada la mwenzake. Dada angefungua, angekuta kompresa, angenirushia kandambili, tungecheka.

Dada hakufungua. Jioni hiyo alisema kichwa kimejaa, akatia "kamusi" mkobani. Mtihani wa Kilatini ulikuwa kesho yake asubuhi. Alikwisha kuufeli mara moja. Akifeli tena, chuo kingemwondoa kwenye shahada yake ya historia. Ndani ya chumba cha mtihani waliruhusiwa kalamu na kamusi moja, basi.

"Mheshimiwa," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wiki nzima umenisikiliza nikikariri vitenzi bila kupiga miayo. Nikifaulu, nusu ya cheti ni yako."

Miayo nilipiga sana, ila nyuma ya mto. Nikasema, "Usijali, dada." Nikajiambia nitairudisha baada ya chakula. Baada ya chakula nikalala fofofo.

Nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Baba alikuwa sebuleni na friji ya jirani iliyogeuzwa mgongo, miwani puani, kitabu mapajani.

"Mama yako anasema macho yangu yamechoka," alisema. "Nadhani ni kweli. Natafuta kompresa, nakuta maneno ya Warumi."

"Labda ni toleo jipya, baba."

Akainua uso. Baba akinitazama vile anangoja tu, kama anavyoingoja friji ilie tena ajue ubovu uko wapi. Safari hii niliyelia ni mimi, nikamweleza yote.

"Vaa viatu," akasema.

Tulifika chuoni mtihani umeshaanza. Msimamizi alifungua mlango nusu. Nyuma yake nilimwona dada, kitabu wazi mbele yake, viganja kwenye paji la uso, hasomi.

"Nimemletea dada yangu kamusi," nikanong'ona.

"Anayo. Nimeikagua mwenyewe hapa mlangoni."

Watahiniwa wakageuka. Ningeweza kusema dada alibeba kitabu kingine kwa haraka zake. Uongo huo ulikuwa tayari, umeshapigwa pasi. Lakini kila mtu mle ndani angemwona yeye ndiye mzembe, na yeye alikuwa ananitazama.

"Umekagua jalada, mwalimu," nikasema. "Ndani ni friji. Yeye hana kosa. Niliyebadilisha ni mimi, wakati yupo jikoni ananichemshia chai."