Pombe ya Shamba la Nyuma

Kamba ile peke yake ilitosha kumtia Mukankusi kichefuchefu. Kayihura, kijana wa mradi wa maridhiano kutoka Kigali, aliinyoosha katikati ya uwanja wa kijiji kama mtu anayepima kiwanja cha kuuza. Mwisho wa huku akachomeka kibao cha "Siamini hata kidogo", mwisho wa kule kibao cha "Naamini kabisa". Alivaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe Bugesera, mvua za mwezi wa tatu zimeshaanza, tope linakupanda mpaka magotini! Haya, vijana wa mjini hao.

"Mama zangu, baba zangu," akasema, "leo tunapima ustahimilivu wa jamii. Nitauliza swali, kila mtu asimame kwenye kamba pale moyo wake ulipo. Hakuna jibu baya, sawa?"

Hakuna jibu baya! Wiki nzima kijana huyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha kwamba wafadhili watakuwepo, na kwamba kilima cha jirani kimepanda sana alama mwaka huu. Mukankusi alimsikia kwa masikio yake akimnong'oneza mkuu wa kijiji kuwa wale wajane wanaoshusha wastani ingefaa wakae nyuma.

Mukankusi alikuwa mmoja wa wajane hao. Mumewe alishazikwa, mwili wake ulipatikana kanisani pamoja na waliouawa wengine, akalazwa kwenye makaburi ya kumbukumbu, jina lake likaandikwa. Aliyebaki bila kaburi ni binti yake, Uwamwezi, aliyekuwa na miaka minane mwaka ule wa mauaji ya kimbari, tisini na nne. Walionusurika walisema mtoto alichomoka kanisani mbio, akateremka kuelekea bondeni, akakatiza uani kwa Habyakare. Baada ya hapo hakuna mtu aliyesema neno. Miaka kumi na minane Mukankusi aliuliza. Aliuliza kwenye Gacaca, mahakama ya kijiji, pale nyasini, kesi ikisikilizwa mbele ya kilima kizima. Aliuliza njiani, kisimani, msibani. Kila Aprili, wenzake wakizika mifupa iliyopatikana, yeye alirudi nyumbani mikono mitupu, na sasa Aprili nyingine hiyo ilikuwa inakuja.

Huyo Habyakare ni jirani yake. Pale Gacaca alikiri kuua wanaume watatu, akaomba radhi, akavua nguo za waridi za kifungo, akarudi kwenye migomba yake. Kuhusu mtoto alisema, "Huyo sikumwona." Mradi ulipoanza, Kayihura akawaweka kundi moja, aliyefiwa na aliyeua, wakutane kila Jumatano wafunguliane mioyo. Mukankusi alikubali, lakini si kwa kupenda. Alijiambia, huyu akizoea kunitazama machoni, ipo siku atasema. Akavumilia kukaa naye benchi moja, akisikia harufu ya jasho lake.

Basi kila Jumatano Habyakare akawa analeta mtungi wa pombe ya ndizi na mirija imechomekwa. Tamu yenye ukali wake, haikuwa na mfano kilimani kote. Na kwa kuwa kwao mtu hanywi cha mwenzake mpaka mwenyewe ameonja kwanza, ijulikane hakuna sumu, mkewe Feresita ndiye aliyeonja. Habyakare aliokoka gerezani, hagusi pombe. "Bwana ameniosha," alikuwa akisema, macho juu. Feresita aliolewa naye baada ya kifungo, katokea mbali, Kibungo huko, mwanamke mcheshi, akishaonja anajifuta midomo na kusema, "Sijafa, kunyweni!" Watu walicheka, mirija ikazunguka, na Mukankusi naye alikunywa.

Sasa juzi sokoni Mukankusi kaona mambo. Kamwona Habyakare, mlokole wetu, kajibanza nyuma ya kibanda cha pombe ya mtama, povu limemganda kwenye sharubu, anaagiza kibuyu cha pili. Looo! Mukankusi alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwaza kingine. Alisema moyoni, mnafiki nimekupata, nitakuumbua mbele ya watu.

Na watu wenyewe ndio hawa, na wageni juu.

"Swali la kwanza," Kayihura akasema. "Je, unaweza kumwachia jirani mtoto wako?"

Watu wakakimbilia mwisho wa "Naamini kabisa", wakabanana kama kuku kwenye tenga. Mukankusi akabaki katikati ya kamba. Mtoto gani? Alitamani kumuuliza yule kijana, mtoto gani nimwachie jirani, mlete kwanza nimwone. Rafiki yake Kansilida, aliyekaa naye ua kwa ua tangu wote wawili walipoolewa, akamvuta kitenge.

"Sogea bwana, unatutia aibu. Wageni wanatazama."

"Watazame. Sikuja kuposwa hapa."

"Swali la pili! Je, unaweza kunywa kinywaji cha jirani bila yeye kuonja kwanza?"

Hapo minong'ono ikapanda, maana hilo ni jambo zito kwao, sumu haina utani. Lakini pale mwisho wa kamba hakusogea mtu. Kayihura uso ukamchanua. Akaagiza mtungi wa Habyakare uletwe katikati, akatangaza kwamba leo wageni watashuhudia kwa macho yao: hakuna kuonja, Mama Mukankusi atakunywa wa kwanza kutoka mkononi mwa Habyakare, na picha itapigwa. Kansilida mwenyewe akachomoa mrija akampa rafiki yake. Habyakare akasogea na mtungi kifuani, ametabasamu kiupole, kainamisha shingo upande mmoja kama alivyozoea akiwa mbele ya wageni.

Tabasamu lile!

"Nitakunywa," Mukankusi akasema kwa sauti. "Tena nitahamia mwisho kabisa wa kamba yako. Ila aonje kwanza. Na si mkewe, yeye."

"Mama, swali linasema bila kuonja..."

"Swali ni lako, mdomo ni wangu."

Kicheko kikalipuka. Mtu akapaza sauti, "Muacheni, ameokoka huyo!"

"Ameokokea wapi? Juzi sokoni nimemkuta na kibuyu cha pombe ya mtama, povu mpaka masikioni. Au Bwana karuhusu mtama, kakataza ndizi?"

Watu walicheka wakapigana viganja. Feresita alikuwa wa kwanza. "Eti, baba watoto! Kumbe unakunywa? Halafu kila Jumatano unanitanguliza mimi, nikifa uoe mwingine? Haya, onja leo, onja tukuone!"

"Onja! Onja!" wakaitikia, wageni nao wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Habyakare akaushika mrija. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Akainama, midomo ikagusa mrija, shavu likabonyea mara moja, kisha akageuka akatapika palepale, yote juu ya viatu vyeupe vya Kayihura.

"Kuna sumu?" mgeni mmoja akauliza.

"Sumu gani!" Feresita akang'aka. "Pombe nimeipika kwa mikono yangu, asubuhi nimeionja, mnaniona nimesimama." Akamgeukia mumewe, na utani umemtoka. "Ya mtama inapita, yangu haipiti. Kwa nini?"

"Si yako," Habyakare akasema, kamasi zinamtoka. "Ni zile ndizi. Za shamba la nyuma. Siwezi, tangu mwanzo siwezi."

"Shamba la nyuma lina nini?"

Habyakare akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Na Mukankusi hakuwa akimtazama yeye tena, alikuwa akiwatazama watu. Kayihura alikodoa macho, na wageni, na Feresita, na wale waliohamia kilimani baada ya vita. Wenyeji wote walikuwa wameangalia chini. Wote, wake kwa waume. Ndipo alipokumbuka nani alikuwa akinywa kweli siku za Jumatano, na nani alikuwa na kisingizio. Kansilida ana vidonda vya tumbo, hanywi. Mzee fulani ana sukari. Mwingine yuko kwenye dawa. Mrija ulizunguka, ukapita midomo yao juujuu, ukafika kwake, na yeye akavuta.

"Jamani, tutulie," Kayihura akasema, anajipangusa kiatu kwa jani la mgomba. "Hizi ni hisia tu, ni kawaida kabisa. Tuendelee na swali la tatu."

Mukankusi akatema mate chini, akajifunga kitenge kiunoni, akaondoka kwenda kwake kuchukua jembe.

Kansilida alimkimbilia nyuma, anahema. "Mwenzangu, simama. Nisikilize."

"Ulijua."

"Ningekwambiaje? Wewe ulikuwa umeanza kupona, umeanza kucheka. Na hao akina Habyakare ni ndugu za mume wangu, ningeishi wapi? Kila mtu alisema bora usijue, bora kilima kitulie."

"Nimekunywa, Kansilida."

"Najua."

"Mrija ulinipa wewe. Leo hii, kwa mkono huo."

Kansilida alianza kulia, akataka kumshika. Mukankusi alirudi nyuma kama aliyeguswa na kitu kilichooza. Miaka yote aliogopa mkono ulioua, kumbe huu wa rafiki ndio uliokuwa ukimnywesha. Alihisi kinyaa cha ngozi yake mwenyewe, cha ulimi wake, cha tumbo lililowahi kuridhika na utamu ule.

"Rudi kwenye kamba yenu," akamwambia. "Kasimame pale mwisho, wanakuhesabu."

Alipofika shamba la nyuma kwa Habyakare alimkuta Feresita ametangulia, panga mkononi. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Feresita alijipiga kifuani, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Haki ya Mungu sikujua, mama. Watoto wangu wamekula ndizi hizi. Nimewanyonyesha huku nazila mwenyewe." Kisha akainua panga, akaliteremsha kwenye shina la mgomba wa kwanza kwa nguvu zake zote. Utomvu ukamrukia usoni, hakuufuta.

Watu walikuwa wamefuata, wakasimama njiani nje ya ua. Mmoja akauliza kama alete jembe lake. "Kaa hukohuko," Mukankusi akasema bila kugeuka.

Migomba ilikuwa mingi, mirefu, mashina manene, na Mukankusi hakujua aanzie wapi. Alichimba hapa, akaacha, akachimba pale. Feresita naye alikata tu, ovyo, anakata huku analia. Akafika kwenye mgomba uliobeba mkungu mkubwa, wa kijani bado, umeegemezwa mti usianguke. Akainua panga.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya Habyakare. Alikuja mbio akijikwaa, mikono mbele. "Huo usikate, mke wangu, huo usikate! Una mkungu, haujakomaa! Yeye yuko chini ya ule wa pili, ule wa ukingoni."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mukankusi aliegemea mpini wa jembe. Alikuwa amemwomba mtu huyu kwa machozi. Alimwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la wanawe, alimsamehe mara mbili hadharani kwa kuambiwa kwamba msamaha hufungua mdomo. Alikaa naye benchi moja, akanywa cha kwake. Neno lile halikutoka. Na leo limetoka lenyewe, kuokoa mkungu wa ndizi.

"Feresita," akasema taratibu.

"Naam, mama."

"Kata yote miwili."

Feresita akakata ule wenye mkungu kwanza, ukaanguka kwa kishindo miguuni mwa mumewe, kisha akakata wa ukingoni. Mukankusi akasogea, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa jembe, halafu kwa mikono. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, wenye rutuba kuliko shamba lolote alilowahi kulilima.